Walimu Wawili wa Denmark Waliofundisha Vijana Kuuliza



Katika vijiji vyetu kijana akiuliza neno mbele ya wazee, mara nyingi huambiwa, "Nyamaza, wewe mtoto wa juzi." Naye hunyamaza. Walakini kunyamaza si kuelewa, wala kuitikia si kukubali. Kijana aliyenyamazishwa hulichukua swali lake akaenda nalo mahali pengine, kwa watu wasiompenda. Au hulificha moyoni mwake, hata siku moja akaacha kanisa na mashauri ya wazee wake pamoja, wala hakuna ajuaye sababu. Sisi walimu twaijua habari hii, maana twawaona vijana walioikariri Katekisimo yote siku ya kipaimara, na baada ya miaka mitatu hawaonekani tena.

Kwa hiyo nataka kuwaeleza habari za walimu wawili wa nchi ya Denmark, walioishi zaidi ya miaka mia na hamsini iliyopita. Wao nao waliyaona mambo kama hayo katika vijiji vya kwao. Hawakuwa adui wa dini: mmoja alikuwa mchungaji, na wa pili mwana wa fundi wa viatu, mtu mcha Mungu. Nao walifahamu neno moja ambalo mimi naliona kuwa ni kweli hata leo, ya kwamba jibu likimfikia mtu kabla ya swali, halikai ndani yake.

Nchi yenyewe

Denmark ni nchi ndogo ya kaskazini ya Ulaya. Ni nchi tambarare, yenye visiwa vingi na rasi moja kubwa iitwayo Jylland. Kanisa lake ni la Kilutheri tangu mwaka 1536. Tangu mwaka 1660 mfalme alitawala peke yake, pasipo baraza la watu la kumwuliza habari ya amri zake.

Wakulima walikuwa wengi kuliko watu wote, walakini waliishi chini ya mabwana wenye ardhi. Mwaka 1733 ilitolewa sheria ya kwamba mwanamume wa shamba asiondoke katika milki ya bwana wake pasipo ruhusa wakati wa nguvu zake. Na baadaye sheria ile ikawashika wanaume tangu umri wa miaka 4 mpaka miaka 40. Hawakuwa watumwa wa kuuzwa sokoni, lakini hawakuwa watu huru. Sheria hiyo iliondolewa mwaka 1788, na wakulima wengi wakaanza kununua mashamba yao wenyewe.

Tena mwaka 1814 ilitolewa sheria ya kwamba watoto wote wafundishwe mpaka wakati wa kipaimara. Hivyo watoto wa wakulima walijifunza kusoma, kuandika, hesabu na dini. Hili lilikuwa jambo jema sana, wala haifai tulidharau. Walakini katika shule nyingi mafundisho yalikuwa kukariri tu. Mwalimu alitaja swali lililoandikwa kitabuni, na mtoto akasema jibu lililoandikwa kitabuni. Aliyekosa neno aliadhibiwa, na asiyekosa alisifiwa. Hakuna aliyemwuliza kama ameelewa.

Basi tazameni jambo lenyewe. Mkulima alikuwa amefunguliwa miguu, naye ameweza kusoma, lakini ulimi wake ulikuwa bado umefungwa. Mbele ya bwana mkubwa au karani alivua kofia yake akaitikia. Mwaka 1831 mfalme aliahidi kuweka mabaraza ya kumshauri, na mabaraza hayo yalianza kukutana mwaka 1835. Wakulima wenye mashamba nao walikuwa na watu wao humo. Je, mtu aliyefundishwa tangu utoto kuitikia tu, atawezaje kushauri? Swali hilo lilimsumbua sana mchungaji mmoja, jina lake Nikolaj Frederik Severin Grundtvig.

Mchungaji Grundtvig

Grundtvig alizaliwa tarehe 8 Septemba 1783 katika kijiji cha Udby, na baba yake alikuwa mchungaji wa kijiji kile. Alipokuwa kijana alipelekwa katika shule ya Kilatini ya mji wa Aarhus. Huko alikaa miaka miwili akijifunza kwa vitabu na kwa kukariri, na moyo wake ukachoka kabisa. Hata uzeeni hakusahau uchovu ule. Shule za namna ile aliziita shule za mauti, naye akatafuta maisha yake yote shule ya uzima.

Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kuuliza, na kuuliza kulimgharimu. Mwaka 1825 aliandika kitabu kidogo cha kumpinga profesa mmoja wa dini, jina lake H. N. Clausen, kwa ajili ya mafundisho yake juu ya Kanisa. Maneno yake yalikuwa makali mno, na profesa akamshtaki. Grundtvig akashindwa katika shauri lile, akatozwa faini, na tangu mwaka 1826 hakuruhusiwa kuchapa neno lo lote lisilokaguliwa kwanza na wakubwa wa serikali. Akaacha na kazi yake ya uchungaji. Amri ile ya kumkagua haikuondolewa mpaka mwaka 1837. Siisemi habari hii ili kumsifu kwa ukali wake, maana pengine alikosa kiasi. Naisema mpate kujua ya kwamba mtu huyu alijua maana ya kufungwa kinywa.

Katika miaka 1829, 1830 na 1831 alisafiri mpaka Uingereza kusoma vitabu vya kale. Alitafuta vitabu, lakini aliona na jambo jingine. Alipokaa katika chuo kimoja cha Cambridge aliona walimu na wanafunzi wakiishi pamoja, wakila pamoja, na kuzungumza kwa uhuru. Grundtvig aliyashika hayo moyoni, akajiuliza, "Mbona wana wa matajiri tu wapate haya? Mbona mkulima asiyapate?"

Tangu hapo akaanza kuandika juu ya shule ya namna mpya, ambayo mimi nitaiita Shule ya Watu. Mashauri yake kwa ufupi yalikuwa haya.

Kwanza, shule hiyo iwe ya vijana, si ya watoto. Mtoto acheze, asaidie kazi, asikie hadithi, ajifunze kusoma na kuhesabu. Lakini mtu akifika umri wa miaka 18 hivi, maswali huamka ndani yake yenyewe: Mimi ni nani? Nimwoe nani, au niolewe na nani? Nchi hii ni ya nani? Imani ya baba zangu ni imani yangu pia? Huo ndio wakati wa kufundisha, kwa sababu udongo umelimwa.

Pili, shule iendeshwe kwa lugha ya nyumbani, yaani Kidenmark, si kwa Kilatini. Mtu hawezi kuuliza swali la moyo wake kwa lugha asiyoiota usiku.

Tatu, mafundisho yawe mazungumzo. Mwalimu aseme, na kijana aseme. Mwalimu naye akubali kufundishwa na kijana habari za kazi na maisha anayoyajua yeye.

Nne, pasiwe na mitihani. Maana mtihani, alisema, humfanya kijana atafute jibu analolipenda mwalimu, si jibu la kweli.

Grundtvig alitumaini ya kwamba serikali itajenga shule moja kubwa mahali paitwapo Sorø. Mfalme Christian wa Nane alikubali, lakini akafa Januari 1848, na shauri lile likafa pamoja naye. Wasomaji, angalieni hapa. Shule kubwa ya mfalme haikujengwa kamwe. Shule zilizosimama ni zile ndogo zilizoanzishwa vijijini na watu wenyewe. Ya kwanza ilifunguliwa tarehe 7 Novemba 1844 katika kijiji cha Rødding, katika jimbo la Schleswig, ambako wenye kusema Kidenmark na wenye kusema Kijerumani walishindana. Lakini mtu aliyeifanya shule hiyo iwe kitu cha wakulima hasa alikuwa mwingine.

Mwalimu Kold

Kristen Kold alizaliwa tarehe 29 Machi 1816 katika mji mdogo wa Thisted, upande wa kaskazini wa Jylland. Baba yake alikuwa fundi wa viatu. Inasimuliwa ya kwamba mama yake alikuwa hodari wa kusimulia hadithi, na mtoto alijifunza kwake, kabla ya shule yo yote, jinsi neno la kinywa linavyoweza kuukamata moyo wa mtu. Akasoma ualimu, akamaliza mwaka 1836.

Alipoanza kufundisha watoto, aliagizwa kuwakaririsha kitabu cha dini kilichotumika katika shule zote. Akaona watoto wanateseka. Neno moja walilolikosa liliwafanya walie, na neno walilolipata hawakujua maana yake. Basi Kold akajaribu njia nyingine. Aliwasimulia habari za Maandiko kama mtu asimuliavyo habari za ndugu zake, kisha akazungumza nao. Akakuta wamezishika habari zote pasipo kukariri.

Wakubwa wa shule hawakupendezwa. Walimwambia ya kwamba sheria ni sheria, na kitabu kikaririwe. Kold akakataa, na kwa sababu hiyo hakupewa kazi katika shule za serikali. Mwisho, katika mwaka 1842, akaondoka nchini pamoja na mmisionari mmoja, wakaenda mpaka Smyrna, mji wa pwani ya Uturuki. Huko alifanya kazi ya mtumishi, kisha akajipatia riziki kwa kujalidi vitabu. Mwaka 1847 akarudi kwao. Alishuka merikebuni Trieste, akanunua kigari kidogo, akatia vitu vyake, akatembea kwa miguu akikivuta kigari chake katika Ulaya yote mpaka nyumbani. Mtu wa namna hiyo si rahisi kumrudisha nyuma.

Aliporudi alikuwa mwalimu wa watoto wa mchungaji mmoja katika kijiji cha Ryslinge, kisiwani Fyn. Huko akakusudia kufungua shule ya vijana. Kwa kuwa fedha zake hazikutosha, alimwendea mzee Grundtvig kumwomba msaada. Grundtvig akakubali kumsaidia kutafuta fedha, lakini wakabishana juu ya umri. Kold alitaka vijana waliotoka katika kipaimara, wenye miaka 14 au 15, akiogopa ya kwamba wakizidi hapo mioyo yao itakuwa migumu. Grundtvig akamwambia angoje mpaka wafike miaka 18. Shule ikafunguliwa Novemba 1851 katika nyumba ndogo, na wanafunzi wa majira yale ya kwanza ya baridi walikuwa 15, wadogo kwa wakubwa. Kold akawaangalia, akaona ya kwamba wadogo hawakufaidiwa kama wakubwa, maana maswali bado hayajaamka ndani yao. Akakiri ya kwamba mzee alisema kweli. Mimi napenda sana sehemu hii ya habari: mwalimu wa kufundisha kuuliza naye alijiuliza, na alipoona amekosa, aligeuka.

Maisha ya shule ile yalikuwa ya kawaida kabisa. Kold alivaa nguo nzito zilizofumwa nyumbani kama wakulima wenyewe. Alikula pamoja na wanafunzi chakula kile kile. Usiku walilala darini, naye akalala miongoni mwao, na mazungumzo yakaendelea gizani mpaka usingizi ulipowachukua. Mchana aliwaeleza historia ya ulimwengu, ya Kanisa na ya nchi yao, kisha wakazungumza. Baada ya miezi mitano, wakati wa kulima ulipokaribia, vijana walirudi mashambani kwao. Hawakupewa cheti. Walikwenda kulima kama kwanza, lakini hawakuwa watu wale wale. Katika miaka ya 1860 Kold akafungua mafundisho kwa wasichana pia, wakati wa kiangazi.

Kuna hadithi moja inayosimuliwa juu yake. Kijana mmoja alimjia akiwa na huzuni akasema, "Mwalimu, nikikusikiliza nafurahi, lakini nikifika nyumbani nimesahau yote." Kold akamjibu kwa mfano wa shamba. Mtu akifukia mabomba ya udongo ardhini ili kuondoa maji shambani, imempasa kuweka alama juu ya kila moja, maana asipoweka hatayaona tena. Lakini akipanda ngano, haweki alama, itaota yenyewe. Basi usiogope, alimwambia; uliyoyasikia yakiwa mbegu, yatajitokeza siku utakapoyahitaji.

Hapo ndipo palipo tofauti ya mafundisho mawili. Mambo yaliyokaririwa pasipo swali ni kama yale mabomba. Yako ardhini, na ukipewa alama, yaani maneno yale yale ya kitabu, utayapata. Lakini hayakui. Jibu lililopatikana kwa kuuliza ni mbegu. Hukua na kuzaa majibu mengine ambayo mwalimu mwenyewe hakuyajua.

Mambo yaliyofuata

Mwaka 1849, tarehe 5 Juni, Denmark ilipata katiba mpya, na mfalme hakutawala tena peke yake. Grundtvig alikuwa mmoja wa watu wa baraza lililoitunga. Wanaume wengi wenye umri wa miaka 30 na zaidi, wenye nyumba zao, walipata haki ya kuchagua wajumbe. Watumishi waliokaa katika nyumba za wengine hawakuipata, wala wanawake, ambao walingoja mpaka mwaka 1915. Walakini mkulima alikuwa ameingia barazani kweli kweli, na sasa ilimpasa kuwa na neno la kusema.

Kisha ikaja siku ya msiba. Mwaka 1864 Denmark ilipigana na Prusia na Austria ikashindwa, ikapoteza majimbo ya Schleswig, Holstein na Lauenburg. Rødding yenyewe ikawa chini ya Wajerumani, na walimu wake wakavuka mpaka mpya wakaanzisha shule nyingine mwaka 1865 katika kijiji cha Askov. Watu walikuwa na huzuni kubwa. Lakini badala ya kukaa na kulia, wakafungua Shule za Watu nyingi, moja baada ya nyingine, katika miaka iliyofuata.

Halafu katika miaka ya 1870 likaja jaribu jingine. Meli na reli zilileta Ulaya nafaka nyingi za bei nafuu kutoka Marekani na Urusi, na bei ya ngano ikashuka. Mkulima wa Denmark aliyetegemea kuuza nafaka aliona hasara. Hapo ndipo kuuliza kulipofaa. Watu wakajiuliza: Je, lazima tuuze ngano? Nafaka ikiwa rahisi, mbona tusiwalishe ng'ombe, tukauza siagi? Na mbona siagi ya bwana mkubwa yapata bei njema kuliko siagi ya maskini?

Mwaka 1882 wakulima wa Hjedding, upande wa magharibi wa Jylland, walijenga kiwanda cha siagi cha ushirika. Kila mmoja alileta maziwa yake, na faida ikagawanywa kwa kadiri ya maziwa aliyoleta mtu. Katika vyama hivyo desturi ilikuwa kwamba wanachama hupiga kura kwa vichwa vya watu, si kwa vichwa vya ng'ombe. Mwenye ng'ombe wawili na mwenye ng'ombe hamsini wana kura moja moja. Mwaka 1887 kikafunguliwa katika mji wa Horsens kiwanda cha ushirika cha nyama ya nguruwe. Ilipofika mwaka 1910 viwanda vya siagi vya ushirika katika nchi ile ndogo vilikuwa vimezidi 1,000. Wengi wa watu walioongoza vyama hivyo walikuwa wamepita katika Shule za Watu.

Sitaki kuwadanganya. Shule hizi peke yake hazikuleta hayo yote. Sheria ya shule za watoto ya mwaka 1814 ilitangulia, na mashine mpya za kutenga malai katika maziwa zilisaidia, na Waingereza walikuwa tayari kununua siagi. Walakini chama cha ushirika hakisimami pasipo watu wanaoweza kusimama mkutanoni na kuuliza: Mizani hii ni sawa? Hesabu ya mwaka jana iko wapi? Mbona maziwa ya fulani yamepimwa zaidi? Sisi tunaojua habari za vyama vyetu vya kahawa na pamba twafahamu vema ya kwamba chama ambacho wanachama hawaulizi huliwa na wachache kama nafaka iliwavyo na fukusi.

Wala shule zenyewe hazikukosa ila. Grundtvig alitaka mazungumzo, lakini katika nyingi mwalimu alisimama mbele akahutubu, na vijana wakaimba na kusikiliza tu. Ni rahisi mwalimu kupenda sauti yake mwenyewe. Hata njia njema ya kufundisha kuuliza yaweza kugeuka kuwa desturi isiyoulizwa.

Grundtvig alikufa tarehe 2 Septemba 1872, naye alikuwa mzee wa karibu miaka 89, aliyetunga nyimbo nyingi za Kanisa ambazo watu wa Denmark huziimba hata sasa. Kold alikuwa ametangulia, tarehe 6 Aprili 1870.

Mbegu iliyofika kwetu

Habari hizi si za mbali kama mnavyodhani. Shule za Watu zilianza katika nchi jirani ya Uswidi mwaka 1868. Baada ya miaka mingi, mwaka 1975, serikali ya Tanzania ikasaidiwa na Uswidi kuanzisha Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, kwa kufuata mfano ule. Vyuo zaidi ya 50 vipo hata leo. Tena Mwalimu Julius Nyerere alikuwa amekwisha kuandika mwaka 1967, katika maelezo yake ya Elimu ya Kujitegemea, ya kwamba shule impe kijana moyo wa kudadisi, na uwezo wa kupima mambo ya wengine, ayakubali au ayakatae kama yafaavyo mahitaji yake.

Wala kuuliza si desturi ya Ulaya tu. Nani asiyekumbuka jioni za utotoni, bibi akisema "Kitendawili!" na sisi tukiitikia "Tega!"? Pale mtoto hakukatazwa kujaribu. Akikosa, alitoa mji, kisha akafumbuliwa, na wote wakacheka. Na wahenga walisema, kuuliza si ujinga. Lakini kitendawili kina jibu moja ambalo bibi analijua tangu mwanzo. Kijana mtu mzima anahitaji na maswali ambayo bibi hajui jibu lake, na baba hajui, na mwalimu hajui. Hapo ndipo tunapoogopa, nasi hupenda kumnyamazisha.

Tukumbuke Maandiko. Bwana wetu Yesu alipokuwa na umri wa miaka 12 alionekana hekaluni katikati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza; wala Mtakatifu Luka haandiki ya kwamba walimu wale walimfukuza. Tena watu wa Beroya walisifiwa, kwa sababu walipomsikia Mtume Paulo walichunguza Maandiko kila siku kuona kama aliyoyasema ni kweli. Kama mtume mwenyewe alichunguzwa na watu wa Beroya wakasifiwa, mimi mwalimu wa kijiji ni nani nisichunguzwe?

Basi, ndugu zangu, nawaomba mambo matatu.

La kwanza, kijana akiuliza, tumsikilize mpaka mwisho kabla ya kumpima. Liko swali la kutaka kujua, na liko swali la kudhihaki. Lakini mara nyingi la kwanza huja limevaa nguo za la pili, kwa kuwa kijana anaona haya. Heshima ni jinsi ya kuuliza, si kutouliza. Tumfundishe kusema, "Mzee wangu, naomba nieleweshwe," kisha tumweleweshe kweli.

La pili, tukiwa hatujui, tuseme, "Sijui, twende tukatafute." Mwalimu hapotewi na heshima kwa neno hilo. Kold alikiri kosa lake juu ya umri wa wanafunzi wake, na shule yake ikasitawi.

La tatu, tuwafundishe vijana kuuliza swali la pili. Wengi huuliza, "Ni kweli?" Wakiambiwa "Ndiyo," wamekwisha. Waulize tena: Umejuaje? Nani alikuambia? Naye aliona mwenyewe? Liko na neno la upande wa pili? Siku hizi habari zafika kijijini kwa simu haraka kuliko upepo, na za uongo huvaa kanzu nzuri kuliko za kweli. Kijana asiyejua kuuliza swali la pili atachukuliwa na kila mtu apitaye, awe mwanasiasa, mganga, au nabii wa uongo. Hatutakuwapo siku zote kumlinda. Na majibu tuliyomkaririsha hayatoshi, maana adui atakuja na swali lisilo katika kitabu.

Mkulima wa Denmark aliyevua kofia na kuitikia hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtiifu, mwenye adabu, na shule yake ilimsifu. Lakini watu walimwibia mizani, wakamtungia sheria, wakampeleka vitani, naye hakuwa na neno la kusema. Mwanawe aliyelala darini pamoja na Kold alilima shamba lile lile, akasali katika kanisa lile lile, na aliposimama katika mkutano wa kijiji chake aliuliza swali, nao wakubwa wakalazimika kumjibu.

Jumapili ijayo, baada ya ibada, kaeni na vijana wenu chini ya mti. Msiwaulize ninyi kwanza. Waambieni, "Leo ninyi ndio mtakaouliza." Huenda watanyamaza kwa kitambo, kwa sababu hawakuzoea. Nanyi mngoje.